Koti la Babu na Mtani Asiyejitetea

...na koti lenyewe la kumweka mzee wa watu mahabusu limetoboka kwapa zote mbili, jamani!

Ngoja nipumue kwanza. Naandika mbiombio, maana simu hii si yangu, ni ya Noela, na mwenyewe yuko bafuni. Yangu iko wapi? Utajua. Tukifika huko usije ukasema Gladness anatunga.

Kama gazeti la jana walikufungia maandazi kabla hujalisoma, pole, nakupitisha haraka. Babu yangu mzaa baba, muuza tangawizi wa sokoni hapa Temeke, amefariki. Tumemzika hapahapa Dar badala ya kumpeleka kwetu Usangi, maana mwenyewe aliusia kwamba haondoki mjini wakati kesi yake ya mti wa fenesi haijaisha. Ndio, alikuwa na kesi. Sie Wapare kesi kwetu ni kama chai, na babu alikuwa anakunywaga asubuhi, mchana na jioni.

Mshitakiwa wake wa kudumu alikuwa Mzee Apolinari, Mchaga wa Kilema, mwenye bucha pale kona. Kuku wa Apolinari kavuka uzio, kesi. Fenesi la Apolinari limedondosha majani upande wetu, kesi. Halafu siku ya baraza wanaongozana kwenda, wanaongozana kurudi, wanakunywa supu kwenye bakuli moja. Wapare na Wachaga ni watani, na wale wawili utani ulikuwa umewaingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa mtani msibani ana ruhusa zake. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anazuia jeneza lisipite, anamtukana maiti na watu wanamshukuru. Mwingine akifanya hivyo anapigwa. Mtani asipofanya, watu wanauliza kwani alikuwa na ugomvi na marehemu.

Basi siku ya mazishi Mzee Apolinari akatokeza na koti la babu, lile la sufu alilotoka nalo milimani na kulivaa barazani hata jua liwe la kupasua kichwa. Kofia ya babu, fimbo ya babu, kikohozi cha babu. Akalala chali mbele ya jeneza, akainua kidole: "Mheshimiwa, mie siondoki. Kuku wa Mchaga kaniangalia vibaya."

Watu wakacheka mpaka mtu hajui tena machozi yake ni ya nini. Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Hamoud, mwenye kiwanda cha magodoro kule Mikocheni, bosi wa baba yangu mdogo Elibariki. Alicheka mpaka akashikiliwa.

Ba'mdogo hakucheka. Jioni ileile Mzee Apolinari akachukuliwa na polisi kwa wizi wa koti.

Tuliishia hapo. Sasa shika roho yako.

Asubuhi tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Shomari, alikuwa ameomba kule kituoni wamlete mtuhumiwa tuongee kifamilia kabla jalada halijaenda mbele. Wakakubali mpaka saa sita. Baada ya hapo ni mahakamani.

Nafika, nakuta gari la ba'mdogo limeegeshwa kwenye mlango wa ofisi kabisa, yani kuingia mpaka ujibanebane ubavu. Vioo vimepandishwa, AC inanguruma. Hajazima gari. Mtu unakuja kumfunga rafiki wa baba yako na mafuta unachoma.

Akashusha kioo kidogo, upana wa pua.

"Gladi. Ingia."

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Ingia, unatoa ubaridi."

Nikaingia. Noela, binti yake, yupo siti ya nyuma. Ana miaka kumi na sita na wakati ule alikuwa hamsemeshi baba yake tangu Mzee Apolinari achukuliwe na polisi. Alinikonyeza tu.

Mie nina diploma ya ustawi wa jamii na nina kiherehere, na vyote viwili havijawahi kunisaidia. Nikaona ngoja nimsaidie mtu mzima.

"Ba'mdogo, nadhani umesahau kitu. Lile koti hakuiba. Ulimpa wewe."

Akapandisha kioo chake mpaka juu.

"Asubuhi ile ya mazishi, pale uani," nikaendelea kama mjinga. "Ulilitoa chumbani kwa babu ukamwambia, Mzee Apolinari, chukua hili likoti ukalitupe, wageni wa Mikocheni wanakuja. Ninayo kwenye simu."

"Unayo nini?"

"Video. Nilikuwa najirekodi kilemba kimekaaje. Wewe na koti mko nyuma ya bega langu, na sauti ipo."

Nilitegemea aseme, ahaa, kweli mwanangu, msiba umenichanganya. Ningemheshimu mpaka leo.

Akazima AC. Ndio nikajua mambo ni mazito.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mie na Noela."

Akamtazama Noela kwenye kioo. Noela akatazama dirishani.

"Futa," akasema.

"Nini?"

"Gladi, Jumatatu si unaanza kazi? Mapokezi, kwa Mzee Hamoud. Nimeomba mie, nimesimama mie. Mwaka mzima uko nyumbani unauza barafu za ukwaju na cheti kiko chini ya godoro. Futa hiyo kitu, tuingie ndani, Jumatatu uende kazini. Kwani ngumu wapi?"

"Lakini ba'mdogo, yule mzee atafungwa."

"Atajifunza. Amenidhalilisha mbele ya bosi."

"Ule ni utani. Babu mwenyewe angecheka."

"Utani ni wa washamba," akasema mtoto wa muuza tangawizi. "Watu wa ofisini kwangu watanionaje?"

Hapo Noela akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mwambie na ile ya hakimu, baba."

"Noela."

"Dada Gladi, baba aliwaambiaga ofisini kwamba babu ni hakimu mstaafu."

Nilitaka kucheka nikakumbuka niko kwenye gari la watu. Hakimu. Babu yetu. Eti "mtu wa mahakama". Kwa maana hiyo hata kuku wa Mzee Apolinari alikuwa mtu wa mahakama, kaitwa zaidi ya mawakili. Kumbe ndio maana. Mzee Hamoud alikuja kuzika hakimu, akaona mtani anaigiza mlalamikaji wa kuku, na pale makaburini akauliza kwa sauti, "Elibariki, huyu si ulisema alikuwa anakaa juu, kwenye kiti cha hakimu?"

Kwa hiyo Mzee Apolinari lazima awe mwizi. Akiwa mwizi, basi na maigizo yake ni uongo wa mwizi. Hesabu za ba'mdogo hizo. Suti ya kushonesha, akili ya kukodi.

"Futa," akarudia, akashuka.

Sikufuta. Wala sikukataa. Nikasema, "Sawa, ba'mdogo," kama wanavyosemaga watu wote wanaotaka kazi, nikaiweka simu kwenye mkoba.

Ndani tulikuwa wachache. Mwenyekiti Shomari nyuma ya meza. Pembeni yake Afande Ferdinand, kijana mpole wa macho mekundu, na mfuko wa nailoni wenye koti ndani, kielelezo hicho. Bibi yangu, mjane, kajifunika khanga mpaka puani na tangu asubuhi alikuwa hajatoa neno. Mama Auleria, mke wa Mzee Apolinari, rozari mkononi. Na Mzee Apolinari mwenyewe kwenye benchi, miguu mitupu, kafurahi kama aliyealikwa.

"Shikamoo, Mzee Apolinari."

"Marahaba, Mpare. Umeniletea chai au umekuja kunishitaki na wewe? Maana nyie hamchelewi."

Hata usingizi hana, lakini mdomo uko kamili.

Mwenyekiti akakohoa. "Jamani, sie wote tunajua utani. Mie ni Mzaramo, kwetu mtani anaweza akaondoka na sufuria la pilau. Elibariki mwanangu, hili jambo dogo. Mzee aseme alichukua kwa utani, wewe useme umeelewa, tukaondoe tanga, msiba uishe."

"Mwenyekiti," ba'mdogo akasema, "mtuhumiwa ameshakiri polisi. Afande, soma."

Afande Ferdinand akafungua karatasi kwa aibu, kama anasomewa yeye. "Anasema: 'Ni kweli, koti nimeiba. Na kofia nimeiba. Marehemu mwenyewe ningemuiba ila mlikuwa mnamshika wengi.'"

Mama Auleria akapiga paji la uso.

"Mzee," Afande akamgeukia, "nilikuuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nikakwambia sema vizuri, hii ni karatasi ya serikali."

"Nami nikasema vizuri. Mwandiko wako ndio mbaya."

"Mzee Apolinari," mwenyekiti akamwinamia juu ya meza, "nakuomba. Uliiba, au ulikuwa unamtania marehemu?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Utani. Aseme hivyo twende zetu.

"Niliiba," akasema Mzee Apolinari. "Na joto lake nimeliiba pia. Koti la Kipare, mfukoni mna tangawizi kavu na wito wa mahakama. Ukilivaa unajisikia tu umshitaki mtu."

"Apolinari," Mama Auleria akapandisha sauti, "una sukari, una presha, unataka ukalale sakafuni kwa ajili ya nguo ambayo hata mbwa hailalii? Jitetee, baba."

"Mwacheni," ba'mdogo akasema, kakunja nne. "Mwenyewe amekubali. Mnataka nini tena?"

Mwenyekiti akaomba tupumzike kidogo. Ilikuwa inakaribia saa tano. Afande akamruhusu mzee atoke kibarazani apate hewa. Nikamfuata na kikombe cha chai nilichochukua kwa mama ntilie wa jirani.

"Mzee, kwa nini hujitetei?" nikamuuliza. "Sema ulipewa. Mie mwenyewe niliona ulipewa."

"Niliona kwamba unaona. Ulikuwa umebinua mdomo kwenye simu."

"Sasa?"

Akapuliza chai. Kwa mara ya kwanza hakutania. Sauti yake ilishuka.

"Babu yako kanishitaki tangu nina nywele. Kila kesi nilikuwa nasimama nasema, nimekosa, mheshimiwa. Anakasirika huyo. Njia nzima ananigombeza: Mchaga, unaniharibia kesi, jitetee hata mara moja nikushinde kihalali. Sikumpa. Ndio ulikuwa utani wetu huo." Akanywa. "Leo nikijitetea kwa mtoto, nitakuwa nimempa mtoto nilichomnyima baba."

"Utafungwa."

"Tanga bado halijaondoka, mjukuu. Mpaka liondoke mie ni mtani. Likiondoka nitakuwa mzee mwenye bucha, ndio nitajua kama nalia."

Basi, mie na diploma yangu nikasimama pale na kikombe kitupu. Nilisoma mwaka mzima somo la mila na jamii, mtihani nikafaulu, na nilichokumbuka ni kwamba mwalimu alikuwa anavaaga viatu vizuri.

Tukarudi ndani. Ba'mdogo alikuwa anaongea na simu. "Ndio, bosi. Limekwisha, bosi. Tapeli tu wa mtaani. Ndio, na yule binti wa mapokezi Jumatatu anakuja, binti mwenye nidhamu sana." Akanitazama huku anasema nidhamu.

Na hicho ndicho kilichonimaliza. Si ule uongo. Ni vile alivyonihesabu mie kuwa upande wake, kama kiti.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kama hakuna jipya, Afande, siwezi kukuzuia."

Afande Ferdinand akasimama. Mama Auleria akaanza kulia bila sauti. Bibi akasogeza khanga, akauliza swali lake la kwanza siku nzima:

"Hii kesi itaisha kabla ya chakula?"

Na mie nikajikuta nimesimama, sijui nani aliniinua.

"Mwenyekiti, lipo jipya."

"Gladi, kaa," ba'mdogo akasema.

"Ninayo video. Inaonyesha koti lilivyotoka chumbani, na nani alilitoa."

Ba'mdogo akageuka rangi. Suti ile ile, mtu mwingine ndani. Noela mlangoni akapiga ngumi hewani kama timu yake imefunga.

"Lete hapa mbele," mwenyekiti akasema. Hata Afande akakaa tena.

Nikatoa simu kwenye mkoba. Nikaifungua, nikaitafuta, nikaipata. Uso wangu huo hapo umejaa kioo, mdomo umebinuka, aibu tupu, na nyuma ya bega uani kwetu. Nikawaza Jumatatu, mapokezi, kiti cha kuzunguka. Nikawaza na barafu za ukwaju. Nikanyoosha mkono kuelekea mezani.

Simu haikufika.

Mkono mkubwa wenye harufu ya bucha ulitoka pembeni, ukaichukua kwenye vidole vyangu taratibu kabisa, kama mtu anayetoa mwiba. Mzee Apolinari akaiangalia, akaizima, akaitumbukiza mfuko wa ndani wa suruali, kule ambako hakuna mwanamke mwenye adabu atakayepeleka mkono.

"Na hii nimeiba pia," akasema.

Mwenyekiti akarudisha miwani usoni.

"Mzee," nikanong'ona, "hiyo ndiyo inakutoa."

Akainama sikioni kwangu. "Inanitoa mie, inamwingiza yeye. Umvue nguo mtoto wa marehemu mbele ya mama yake na tanga halijaondoka? Babu yako angenishitaki mpaka huko aliko."

Halafu akasimama wima, akasema kwa sauti kwa ofisi nzima, "Wapare nao, simu nzuri hivi wanashikashika hovyo. Lazima waibiwe."

Ba'mdogo alikuwa amemsikia akininong'oneza. Najua alisikia, maana alikuwa karibu kuliko wote. Nilimwona anatazama mfuko wa mzee, kisha anatazama viatu vyake vya kung'aa. Ilikuwa nafasi yake hiyo. Mtu kakufunikia aibu yako kwa mwili wake, mbele ya mama yako mzazi, unachotakiwa ni kusema, jamani basi, nafuta kesi.

Unajua alisema nini?

"Afande, umeona kwa macho yako. Si nilisema ni mwizi?"

Sina la kuongeza hapo. Kuna watu hata kuwadharau ni kuwapa hadhi.

Afande Ferdinand akajifuta jasho. Masikini, kijana wa watu alitaka tu kazi yake iishe salama. Akachukua kalamu, akanigeukia mie.

"Dada, simu ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi sikiliza. Hili la pili limetokea mbele yangu lakini mwenye mali ni wewe. Ukisema amekuibia, namsachi sasa hivi, simu inakuwa kielelezo, na kilichomo tutakiangalia wote. Ukisema hajakuibia, simu inabaki mfukoni kwake, hainihusu, na mie naondoka naye kwa kesi ya koti. Kesho mahakamani."

Nikaelewa. Ili nimtoe mzee lazima nimwite mwizi. Nikikataa kumwita mwizi, anakwenda kufungwa kwa wizi, na ba'mdogo anabaki mtoto wa hakimu.

Mama Auleria alikuwa ananiomba kwa macho, sema ndiyo. Mzee Apolinari alikuwa anatikisa kichwa taratibu na kutabasamu, sema hapana. Ba'mdogo alikuwa ananitazama kwa yale macho ya Jumatatu. Mwenyekiti kashika meza. Ukutani saa inasogea kwenye sita.

"Dada," Afande akasema, "huyu mzee amekuibia simu au hajakuibia?"

Nikajibu. Si ndiyo, na wala si hapana.

Nilipomaliza kusema, mtu wa kwanza kucheka ndani ya ofisi ile alikuwa bibi. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa nailoni wa Afande, akalitoa koti la babu, akalivaa.

Mlango wa bafuni huo unafunguka, Noela anataka simu yake. Kesho akiwa kanisani ndio nitaweza kukwambia nilimjibu nini Afande, na kwa nini tangu saa sita ile mtuhumiwa ni mie.